Nguo Nyeupe za Kasiva

Uvumi ulianzia kwenye foleni ya mitungi, pale mtoni ambapo wanawake wa kijiji kimoja karibu na Mutomo huchimba mchanga ili wapate maji. Ulisema hivi: Kasiva, binti wa Kasyoka, ni mmoja wa watu watakaopelekwa mwezini, na huko mtu hulipiwa nauli ya kwenda tu. Kasyoka aliusikia akiwa ameinama shimoni, kata mkononi. Alijifanya kiziwi. Lakini neno lilikuwa limekwisha kumwingia sikioni kama mdudu, na tangu siku hiyo halikutoka. Alilala nalo, akaamka nalo, akasonga ugali nalo.

Wa kwanza kulaumiwa alikuwa yeye mwenyewe. Kasyoka alikuwa mjane, na Kasiva alikuwa mboni ya jicho lake, mtoto wa pekee aliyesoma hadi akavuka bahari kwenda kufanya kazi kwa watu wanaotengeneza mitambo ya kurushwa angani. Siku moja Kasiva alimtumia picha kwa simu. Alikuwa amevaa nguo nyeupe zilizomfunika kuanzia utosini hadi nyayoni, macho tu yakichungulia. "Huku kazini vumbi haliruhusiwi, mwaitu," alimwandikia mama yake, na Kasyoka akashangaa ni mahali gani hapo pasiporuhusu vumbi. Jumapili, baada ya ibada, aliizungusha simu mkono kwa mkono, kifua mbele kama jogoo. Aliyeishika kwa muda mrefu zaidi ni jirani yake, Ndululu.

Ndululu alikuwa na moyo mkubwa na mdomo mkubwa zaidi. "Nguo kama hizi nimeziona kwa televisheni," alisema. "Wanaovaa hivi ni wale wa kuruka huko juu." Siku hizo redio nazo zilikuwa zikisema kwamba binadamu anajiandaa kukanyaga mwezi tena. Maneno hayo mawili yakakutana kama petroli na kiberiti.

Hatimaye Ndululu akamtania mbele ya watu, mtoni. "Mama Kasiva, hebu nikuulize. Huyu msichana akiolewa huko mwezini, hizo mbuzi za mahari zitashukaje?"

"Zitafungwa kamba ziteremshwe," mwingine akadakia, "kama ndoo ya kisima."

Wanawake wakacheka hadi wakashika mbavu. Kasyoka hakucheka. Aliubeba mtungi wake ukiwa nusu, akaenda zake. Jioni hiyo alikata matawi ya mgunga, akayaburuta hadi kwenye kijia kilichounganisha boma lake na la Ndululu, akakiziba. Kwenye kijia hicho wawili hao walikuwa wamepitishiana makaa ya moto, chumvi na watoto wachanga. "Mdomo wake na ubaki kwake," alisema akijitoa mwiba kidoleni.

Hakuishia hapo. Aliacha kwenda kwenye mwethya, kile kikundi cha wanawake wanaolimiana mashamba kwa zamu. Akaanza kuteka maji saa za jua kali, wakati mtoni hakuna mtu ila nyuki. Mwishowe akabaki na simu na mwezi.

Kasiva alipiga simu kila Jumapili. Kasyoka alitaka kumwuliza kama kweli anaenda mwezini, lakini aliogopa jibu, kwa hivyo aliuliza yale yale.

"Umekula?"

"Nimekula, mwaitu. Mvua je?"

"Bado."

Kisha kila mmoja alisikiliza pumzi za mwenzake, hadi Kasiva aliposema, "Haya basi, nitapiga." Baada ya hapo nyumba ilikuwa kimya kuliko kabla simu haijalia.

Mwezi ulipochomoza nyuma ya kilima, Kasyoka alitoka uani akainua uso. Aliuchunguza uso mweupe wa mwezi asijue anatafuta nini. Labda taa, labda kivuli cha mtu mdogo. Watu husema huko ni baridi na mawe matupu. Yeye aliwaza jambo moja tu: kwamba huko hakuna jirani wa kuombwa moto. "Mtoto wangu atakaaje mahali kama hapo?" alijiuliza, na hakuona kwamba yeye mwenyewe alikuwa anakaa mahali kama hapo.

Jioni moja mwezi ulichomoza ukiwa mpevu, mwekundu kwa vumbi. Kasyoka alitembea uani polepole akiufuata kwa macho ulipokuwa ukipita nyuma ya mwarobaini. Chini, kwenye mchanga uliohifadhi joto la mchana, kifutu alikuwa amejilaza kama kipande cha kamba nene. Akamkanyaga.

Maumivu yalimpanda kama moto wa nyasi. Alianguka. Kifutu si nyoka wa kukimbia. Alijikunja hapo hapo, akitoa sauti kama ya gurudumu linalotoka upepo. Mkono wa Kasyoka ukaenda kwenye simu.

"Kasiva, nimeumwa na nyoka."

"Mwaitu! Uko wapi?"

"Uani. Bado yuko hapa. Ananitazama."

"Usijifunge kamba. Usijikate. Usisimame. Mwite Mama Nzomo." Nzomo ni kifungua mimba wa Ndululu. Kasyoka akageuza macho kwenye kijia kilichozibwa. "Mwaitu, nimesema mwite Mama Nzomo."

"Tumekosana. Nimeziba njia."

"Kwa nini?"

"Alisema unaenda mwezini." Hapo swali lililokaa kooni miezi mingi likatoka lenyewe. "Unaenda?"

Kasiva alianza kulia. "Siendi popote. Mimi nafunga skrubu, mwaitu. Skrubu ndogo kama chawa. Nguo ile ni ya kuzuia vumbi. Nikitoka huku sasa hivi nitakufikia kesho kutwa, na siwezi hata kuokota jiwe nimrushie huyo nyoka. Mwite mtu, tafadhali."

Kasyoka aliiweka simu mchangani, akaita. Mara ya kwanza aliita kwa aibu. Mara ya pili aliita kama mtu anayetaka kuishi.

Ndululu hakuzunguka barabarani. Alipita katikati ya miiba. Alitokea leso imeraruka, mikono inachuruzika damu, amebeba fimbo ya kuchungia mbuzi. Alimponda kifutu kichwa kabla hajatoa hata salamu.

"Miiba hii uliipanga vizuri, Mama Kasiva," alisema akihema. "Ningekuwa mbuzi ningerudi."

Mumewe, Musyimi, alizunguka na pikipiki. Wakampakia Kasyoka katikati, Ndululu akimkumbatia kwa nyuma asianguke, wakampeleka hospitalini Mutomo. Alipona, ila vidole viwili vya mguu vilikatwa, maana sumu ya kifutu huozesha nyama. Ndululu alimletea uji kila siku. Na kila siku aliisimulia wodi nzima jinsi alivyomwua nyoka, na nyoka huyo akazidi kurefuka.

Matawi ya mgunga waliyachoma pamoja, wakachemshia chai. Kasiva bado yuko mbali. Jumapili simu bado inaishia kwenye kimya, na kiti alichokuwa akikalia Kasiva nyumbani bado kimeegemezwa ukutani. Kasyoka bado huutazama mwezi, ila siku hizi huketi kwanza, na mara nyingi Ndululu huwa kando yake, akisema maneno yasiyokwisha.

Kwa hivyo, mama mwenzangu, epuka haya:

Usionyeshe watu picha ya mtoto wako ambayo wewe mwenyewe hujaielewa.

Usilifuge neno ulilosikia juu ya mtoto wako. Muulize.

Usizibe kijia cha jirani, hata kama ana mdomo.

Usitembee jioni ukitazama juu.

Aliyeumwa na nyoka usimfunge kamba, usimchanje wembe, usimpeleke kwa mganga. Hospitali.

Na usimtupe aliye karibu kwa ajili ya umpendaye aliye mbali, kwani fimbo ya mbali haiui nyoka.