Mwalimu Aliyeongeza Kuni

Maziwa yakifoka, punguza kuni. Mmemsikia shangazi yenu akimwambia mwanawe hivyo, nanyi mnataka kujua msemo huu ulitoka wapi. Ulizaliwa huku kwetu Usangi, na chanzo chake ni hiki.

Palikuwa na mwalimu wa watoto wadogo aliyeitwa Mbonea. Kufundisha alijua, ila alikuwa mkali. Darasani mwake alikuwamo Nakijwa, binti wa miaka sita, mwepesi wa hasira. Akinyang'anywa chaki, hutupa kila kilicho karibu na kupiga mayowe. Mbonea naye humshika masikio na kumfokea, "Nimesema nyamaza!" Mtoto huzidi, mwalimu huzidi. Mwisho mtoto husimamishwa konani, wenzake wakimcheka.

Siku moja mama yake alifika shuleni kuulizia maendeleo yake. Mbonea akampeleka nyuma ya darasa, watoto walikokuwa wakicheza. Wakamkuta Nakijwa amemshika masikio mtoto mdogo aliyeanguka na kuchubuka goti, anamtikisa. "Nimesema nyamaza! Nyamaza!"

"We Nakijwa!" mama alimaka. "Nani kakufundisha haya?"

Mtoto alishangaa. "Si ndivyo mwalimu anavyotunyamazisha?"

Mbonea alitamani ardhi ipasuke immeze. Mama hakumlaumu, na hilo lilimchoma kuliko matusi.

"Nisamehe, mama Nakijwa," alisema, macho chini. "Nyumbani maziwa yakifoka, hata mtoto anajua kupunguza kuni. Mimi mwanao alipofoka, niliongeza."

Tangu hapo, Nakijwa akiwaka, Mbonea alichuchumaa kando yake, akashusha sauti. "Umekasirika. Niko hapa. Tupumue kwanza." Mtoto akishatulia, ndipo walipozungumza. Haikuwa kazi ya siku moja. Mara nyingine sauti ilimponyoka mwalimu, akalazimika kuomba radhi mbele ya darasa zima, uso ukiwaka kwa haya. Lakini asubuhi moja Nakijwa alinyang'anywa chaki, akakunja ngumi, kisha akatoka mwenyewe, akaketi kizingitini akivuta pumzi. Aliporudi alisema, "Naomba chaki yangu."

Watu walimsifu mwalimu. Hakuzipokea sifa zile. Kila alipokutana na mama yule njiani, aliinamisha kichwa, na wazazi walipomuuliza siri yake, alijibu maneno yale yale tu: maziwa yakifoka, punguza kuni.