Chumba cha Mzee Shaweji

Kisichoguswa hakirithiwi. Mmemsikia mama mmoja akiyatamka maneno hayo harusini, mkabaki kutazamana, kisha mkanijia mimi. Haya, kaeni. Methali hii ilianza hivi, hapa hapa Pangani, na aliyeianzisha hakuwa mshairi wala shehe. Alikuwa seremala, Mzee Shaweji, na siku aliyoitamka alikuwa amechanganyikiwa hasa.

Shaweji alikuwa bingwa wa kutengeneza upya makasha ya zamani, yale yaliyopigwa njumu za shaba. Kazi hiyo ilimwingiza katika nyumba za watu, na kila alipoingia macho yake hayakutulia. Huku akanunua sahani ya kauri iliyotundikwa ukutani, kule saa iliyokwisha kunyamaza, kwingine mrashi wa fedha wa kunyunyizia marashi. Mwisho akawa na chumba kizima, na kasha kubwa la njumu humo ndani, kufuli mlangoni na ufunguo kiunoni.

Siku hizo wanunuzi walitoka mbali kuja kumbembeleza. Akawanywesha chai, akawaonyesha, na akawakatalia. "Nawawekea wanangu," alisema. "Vitu vya kale vinapanda kila mwaka."

Hata mtaa aliukatalia. Mnaijua desturi yetu: harusi ikiwa kwa fulani, sinia linatoka nyumba hii, mrashi nyumba ile, chetezo cha kufukizia udi kwa jirani, na kesho yake kila kitu kinarudi kwa mwenyewe, au kinapitiliza kwenye harusi nyingine. Vitu vya Shaweji vyenyewe vilikuwa vikizunguka hivyo kabla hajavinunua. Yeye akasema vitakwaruzwa. Watu wakamwomba mara mbili tatu, kisha wakamwacha na mali yake.

Miaka ikaenda. Magoti yakaanza kumgomea, naye akawaita wanawe wawili, Hatibu aliyekuwa akiishi Tanga mjini na Mwanahamisi aliyeolewa mtaa wa pili. Alitaka wagawane yeye akiwa hai. Kufa hakukumtisha sana. Kilichomnyima raha ni kwamba siku moja chumba kile kingetawanywa na watu wasiokijua.

"Baba, mimi nimepanga vyumba viwili," alisema Hatibu. "Kasha hilo hata mlangoni halipiti."

"Basi Mwanahamisi achukue."

"Mpe kaka, baba," alisema Mwanahamisi, akitazama chini.

"Kaka yako si amekataa!"

"Basi uza."

Shaweji alidhani hakusikia vizuri. Akamfuata mfanyabiashara mmoja wa vitu vya kale, ambaye zamani ndiye aliyekuwa akimfuata yeye kama anayemdai deni. Safari hii mfanyabiashara huyo hata kitini hakuinuka.

"Mzee wangu, wateja wetu wamezeeka," alisema. "Wengine wamekufa, na watoto wao wananiandikia niwatafutie wa kununua vya wazazi wao. Wageni wa siku hizi wanapiga picha, wananunua kikapu, wanaondoka."

"Lakini vitu ni vile vile!"

"Ni vile vile, mzee. Watu ndio si wale."

Akarudi nyumbani, akasimama katikati ya chumba chake. Sahani haikupasuka, shaba haikuchakaa, fedha ilikuwa inang'aa. Kama hakuna kilichopungua, thamani ilitoka kwa mlango gani? Akaketi juu ya kasha, akajionea huruma.

Wiki hiyo ndipo ilipofanywa arobaini ya jirani yake, Bi Sauda. Alasiri Shaweji alisikia makelele upande wa pili wa ukuta. Akachukua mkongojo, akaenda kusuluhisha, kama ipasavyo mtu wa umri wake. Akawakuta wajukuu watatu wa marehemu wanavutana, na machozi yanawatoka. Walichokigombania kilikuwa chetezo cha udongo, kimepasuka na kufungwa waya.

Shaweji akakipokea, akakigeuza chini juu, akakigonga kwa ukucha.

"Mnatoana roho kwa hiki? Hiki si cha kale. Kimenunuliwa gulioni, na kimepasuka."

Wakakitwaa tena kutoka mikononi mwake. Akaona hawakumwelewa, kwa hiyo akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani. Alirudi kwake, akafungua chumba, akatoka na chetezo cha fedha chenye umri wa miaka mia na zaidi.

"Chukueni hiki, ugomvi uishe. Hicho kibovu nipeni mimi nikitupe."

Hakuna aliyenyoosha mkono. Mkubwa wao, Riziki, alijifuta machozi kwa ncha ya khanga.

"Babu, usituone hatuna adabu. Hiki cha bibi kilimfukiza mama udi akiolewa. Kilinifukiza mimi, kikawafukiza hawa, na wasichana wa mtaa mzima. Hicho chako kimemfukiza nani?"

Shaweji alikitazama chetezo chake. Alijua kilikotengenezwa, alijua uzito wake, alijua jina la aliyemuuzia. Lakini hilo aliloulizwa na Riziki hakulijua. Akarudi kwake nacho, hasira na aibu zikigombana kifuani.

Akamkuta Mwanahamisi amemletea chakula. Mlango wa chumba mzee alikuwa ameuacha wazi alipotoka, na bintiye alikuwa amesimama kizingitini.

"Ingia," alisema baba.

Mwanahamisi akaingia. Mara tu alipovuka kizingiti, mama huyo wa watoto wanne, mwenye mvi mbili tatu utosini, alipeleka mikono yake nyuma ya mgongo na kufungamanisha vidole. Hakujua kama amefanya hivyo. Ndivyo alivyofunzwa chumbani humo tangu alipoanza kutembea, na fimbo ndiyo iliyomfunza.

Mzee Shaweji akaitazama mikono ile. Siku zote hizo alikuwa akiuliza watu wamepatwa na nini, na jibu lilikuwa limesimama mbele yake limejifunga lenyewe. Machozi yakamtoka.

"Shika, mwanangu," alisema, akimpa chetezo.

"Nikishike wapi, baba?"

Basi hapo ndipo mzee alipoketi na kusema, kwa sauti ya mtu anayejisuta mwenyewe: "Kisichoguswa hakirithiwi."