Inachapa, Usiiguse

Waliosema mficha uchi hazai hawakuwa wakizungumzia nguo wala uzazi tu. Walimaanisha kwamba anayeona haya kueleza shida yake huukosa msaada, na aghalabu hukosa kile kile alichokuwa akikihitaji. Laiti hasara ingekuwa yake peke yake, tungemwachia aibu yake tukaendelea na shughuli zetu. Lakini aibu ya mtu mzima mara nyingi hulipwa na watu wa nyumbani mwake.

Palikuwa na fundi wa lifti mmoja aliyejulikana mtaani kama Baba Chiriku. Kazini alikuwa fundi kama mafundi wengine, ila kwenye kompyuta alijiona gwiji. Ile ya nyumbani kwake, iliyowekwa sebuleni kando ya cherehani ya mkewe, ilitumia programu huria, yaani zile zinazoundwa na watu wa kila pembe ya dunia na kugawiwa bure. Uhai wa programu hizo ni kuulizana. Mwenye tatizo huingia katika kikundi mtandaoni, akalianika kosa lake jinsi lilivyo, na anayejua humjibu. Baba Chiriku alikuwa miongoni mwa wanaojibu. Wageni waliouliza mambo madogo aliwasaidia, lakini baada ya kuwapasha kwanza. "Ungesoma kabla ya kuuliza, usingetusumbua," aliwaandikia. Wenzake walimvisha kilemba cha ukoka, naye akakivaa kutwa.

Sasa tazama maajabu: mganga hajigangi. Printa ya bwana huyu ilikuwa na maradhi. Leo inachapa bila tabu, kesho inapokea kazi na kukaa kimya kana kwamba haijaambiwa kitu. Kompyuta inasema kazi imetumwa, karatasi haitoki. Alibadilisha wino ilhali wino ulikuwa tele. Aliondoa programu ya printa akaiweka upya, ikachapa kwa muda, kisha ikagoma tena. Mwishowe aligundua kwamba akichomoa waya, akaizima printa na kuiwasha, halafu akaandika amri ya kuifungua foleni ya kuchapa, kazi zote zilizokwama hutoka. Kwa nini, hakujua.

Angeuliza kikundini angejibiwa siku hiyo hiyo. Mara kadhaa aliliandika swali, akalisoma, akalifuta. Mtu kama yeye aulize habari ya printa! Basi akawa anaitibu kwa siri mkewe akiwa jikoni. Mama Chiriku akiuliza mbona leo inachelewa, jibu lilikuwa moja.

"Inachapa, usiiguse. Ina mwendo wake."

Binti yao alibandikwa jina la Chiriku akiwa mchanga, kwa makelele yake, kabla wazazi hawajajua kwamba yeye mwenyewe hayasikii. Sasa alikuwa na miaka saba. Watoto wa rika lake walikwenda shule, naye alishinda chini ya meza ya cherehani akipanga vifungo. Nyumbani walikuwa na ishara chache walizozibuni wenyewe: maji, kula, kulala, njoo. Zaidi ya hapo hawakuwa na namna ya kumwambia jambo, wala yeye hakuwa na namna ya kuwaambia. Hilo lilimkata mama yake maini kila siku.

Ndipo shule ya watoto viziwi ilipotangaza kwamba imebakiwa na nafasi moja. Fomu na ripoti ya daktari wa masikio zilitakiwa zichapwe na kufikishwa kwa mkono kabla ya saa sita mchana, siku ya Ijumaa. Atakayetangulia kuleta zote ndiye atakayeipata. Daktari alikuwa amezidiwa na kazi, akaahidi kuituma ripoti kwa barua pepe asubuhi ya siku ile ile.

"Baba Chiriku," mkewe alisema Alhamisi jioni, "kesho nitakwenda na simu tu nikangoje pale duka la kuchapisha, karibu na shule. Ripoti ikiingia, naichapisha, nakabidhi."

"Dukani? Mke wangu apange foleni ya kuchapisha na printa ipo hapa? Watu watanionaje?"

"Watu wakuone watakavyo. Hiyo mashine yako siku nyingine ina kiburi."

"Nimekwambia inachapa. Tazama."

Alikuwa ameshaichomoa na kuichomeka alipokuwa peke yake. Akabonyeza, na fomu ikatoka safi. Mama Chiriku akaridhika, akaijaza na kuitia sahihi. Hapo ndipo palipotakiwa maneno machache tu: mke wangu, huwa inagoma, na ikigoma fanya hivi. Bwana yule akaenda kuoga.

Kesho yake ripoti iliingia saa tatu. Mama Chiriku akabonyeza. Kompyuta ikasema kazi imetumwa, printa ikanyamaza. Akabonyeza tena, na tena. Akasubiri, kwa kuwa aliambiwa ina mwendo wake. Hakuigusa, kwa kuwa aliambiwa asiiguse. Alimpigia mumewe simu, lakini fundi alikuwa chini kabisa ya shimo la lifti ambako mtandao haufiki. Saa tano ilipopita, uvumilivu ulimwisha. Alimshika mtoto mkono wakatoka mbio. Dukani walikuta watu wengi mbele yao, na kila mmoja ana haraka yake.

"Mama, saa sita imeshapita," karani wa shule alimwambia walipofika na karatasi zao. "Mwenzako ameleta zake dakika chache kabla ya hapo. Tumeshampa."

"Nimechelewa kidogo tu, ndugu yangu. Mtazame mtoto mwenyewe."

"Namwona, mama. Nafasi ndiyo sina. Na mwaka ujao atakuwa amepita umri wa kuanza."

Uani watoto walikuwa wakizungumza kwa mikono, upesi upesi, huku wakicheka. Chiriku aliwakodolea macho, kisha akainua mikono yake naye akaanza kuiga. Ilibidi mama yake ambebe ili waondoke.

Jioni Baba Chiriku alirudi, akasimuliwa. Kabla hata hajafikiri, mkono wake ulikwenda nyuma ya printa, ukachomoa waya, ukazima, ukawasha. Akaandika amri yake bila kutazama herufi. Printa ikaamka, ikaanza kuitema ripoti ile, nakala baada ya nakala. Mkewe hakuwa akitazama karatasi. Alikuwa akiitazama mikono ya mumewe.

"Kumbe ulikuwa unajua," alisema.

"Huwa inasumbua kidogo tu..."

"Ulikuwa unajua, ukaniambia nisiiguse."

Hapo ndipo fundi alipouliza kikundini. Mtu asiyemjua alimjibu chai yake ikiwa bado ya moto. Printa ikisinzia huchelewa kuitika, na kompyuta huifunga foleni mpaka ifunguliwe na mtu. Badilisha mpangilio mmoja, ili kompyuta ijaribu tena badala ya kuifunga foleni. Ni tatizo la kawaida, yule mtu aliandika, wengi wameliuliza. Baba Chiriku akabadilisha. Printa haikugoma tena.

"Mama Chiriku, njoo uone," aliita kwa sauti ya chini. "Sasa inachapa kweli."

Mkewe hakuinua kichwa kutoka kwenye cherehani.

"Ichape nini?"

Hakika, mficha uchi hazai.