Asali ya Milozi ya Ng'ambo

Wametusimulia waliotutangulia, na Mwenyezi Mungu ndiye Ajuaye zaidi, kwamba palikuwa na miji miwili iliyotazamana, Barzuma na Nawamira, na kati yake ulipita mto mwembamba kiasi kwamba jogoo wa huku akiwika, wa ng'ambo humjibu. Miji hiyo ilikuwa haiuziani kitu, na daraja lililoiunganisha lilikuwa limezibwa kwa magogo. Babu yake Amiri Muhannadi wa Barzuma ndiye aliyepiga marufuku biashara, na mtawala wa Nawamira naye akapiga marufuku yake siku iliyofuata, asije akaonekana mnyonge. Kuhusu chanzo cha ugomvi, wazee walikuwa na riwaya zao. Wengine walisema ni nyumbu aliyeuawa, wengine walisema ni neno lililotamkwa arusini. Na ajabu ya wanadamu ni hii, kwamba hata wale wasiojua chanzo walikuwa na hasira ya kuwatosha.

Hukumu ya marufuku ilijulikana hata na watoto: kila kitokacho Nawamira kikikutwa Barzuma kitateketezwa, pamoja na chombo kilichokibeba. Watu walikwisha kuona mkokoteni mzima ukichomwa sokoni kwa ajili ya gunia moja la chumvi, mwenyewe akiutazama na mikono kichwani.

Katika mji huo wa Barzuma aliishi mjane mcha Mungu, jina lake Hunaida, aliyefuga nyuki juu ya kilima kilicho kando ya mto. Upande wake wa kilima ulikuwa mawe na miiba. Ng'ambo ilikuwako bustani kubwa ya milozi, mali ya mzee wa Nawamira ambaye Bi Hunaida hakupata kusema naye hata mara moja. Alikuwa akikiona kilemba chake tu, kikipita kati ya miti. Milozi ilipochanua, nyuki wake waliinuka asubuhi, wakavuka mto bila kumwomba ruhusa mtu, na jioni wakarudi wamesheheni. Asali yake ilikuwa nyeupe, yenye harufu ya maua, na watu wa Barzuma waliisifu sana na kuiita asali ya mawe yetu.

Bi Hunaida alijua inakotoka. Wala hakuona dhambi katika hilo, kwani nyuki ni viumbe wa Mola na ndiye aliyewafunza njia zao. Lililomkaa moyoni ni jingine. Tumefundishwa kwamba asiyewashukuru waja hajamshukuru Mola wao, naye alikuwa amekula kwa yule mzee miaka mingi pasipo kumwambia ahsante. Kumpungia mkono tu mtu wa ng'ambo kulihesabiwa fitina. Basi akawa anafanya aliloliweza: kila baada ya sala alimwombea dua mwenye bustani, bila kulijua jina lake.

Ikafika siku Amiri Muhannadi alipoitisha baraza kuijadili marufuku ile, ibaki au iondolewe. Na desturi ya Barzuma ilikuwa kwamba asimamaye kusema barazani hulamba kwanza kijiko cha asali, kwa sababu ulimi hauna mfupa, na wazee waliona afadhali uanze na utamu. Asali ya baraza ilitoka kwa Bi Hunaida. Alikuja nayo siku hiyo akisaidiwa na jirani yake, Bi Umaima, na wote wawili wakasimama mlangoni na chungu chao wakisikiliza.

Wafanyabiashara walisema kwanza. Walilalamika kwamba chumvi imekuwa ghali kuliko nyama, na kwamba nguo za Nawamira huzunguka nchi nzima ndipo zikawafikia, zimechakaa kwa safari. Mzee mmoja alisema ana dada aliyeolewa ng'ambo, na hajui kama yu hai. Kisha akasimama Waziri Kutaiba, mtu mwadilifu lakini mgumu, akalamba kijiko chake, akasema:

"Ewe Amiri, Mwenyezi Mungu akudumishe. Tumetishwa kwamba hatuwezi kuishi bila Nawamira. Je, tumekufa? Tunakula chetu, tunavaa chetu. Hakuna aliyeketi humu ambaye tone la Nawamira limepita kooni mwake. Tukilifungua daraja leo, tutakuwa tumewaambia mababu zetu kwamba subira yao ilikuwa bure."

Yalikuwa maneno mazuri, na baraza likayapokea kwa takbira. Bi Hunaida alihisi chungu kimekuwa kizito mikononi mwake. Bi Umaima, aliyemjua vyema mwenzake, akamshika kwa nguvu.

"Hunaida, nakuomba. Funika kombe mwanaharamu apite. Utachomewa mizinga yako, na huna kitu kingine duniani."

"Umaima," akajibu, "akinyamaza anayejua, uongo wa asiyejua unakuwa wake."

Akapita katikati ya ukumbi na chungu chake, akakiweka mbele ya Amiri. Akasema:

"Ewe Amiri, Mwenyezi Mungu akuhifadhi. Waziri amesema kwa nia safi, lakini hakujua. Asali hii mliyoilamba haikutoka katika mawe yetu. Nyuki wangu huvuka mto, na maua wanayokula ni ya milozi ya Nawamira. Ndivyo ilivyo tangu nilipoanza kufuga."

Wengine walipeleka mikono midomoni, na mzee mmoja akameza mate akajuta kuyameza. Kutaiba alikitazama kijiko alichokuwa bado amekishika.

Amiri akamgeukia kadhi wake, Shehe Abu Mundhiri, akamtaka hukumu. Kadhi akasema, "Kwa maneno ya marufuku kama yalivyo, asali ni kitu cha Nawamira na nyuki ndio chombo kilichokibeba. Mizinga ichomwe. Ila marufuku haikubagua vyombo, ewe Amiri, na asali hii imebebwa pia na makoo yetu. Sijui tuanzie koo la nani."

Watu wakacheka, isipokuwa Kutaiba. "Sheria ikishachekwa imekwisha," akasema. "Tukimsamehe mama huyu, kesho kila mlanguzi atakuja na nyuki wake." Na kwa haki, neno lake halikuwa la kipumbavu. Amiri akaamuru milango ya mizinga izibwe, nyuki wasivuke tena hadi atakapokata shauri.

"Nimesikia na nimetii," akasema Bi Hunaida. "Sikuja kuitetea mizinga. Aliyenipa ni Mola, na akiichukua nitasema Alhamdulillahi, ingawa nitalia. Lakini nina haja moja kabla haijachomwa. Nimekula katika bustani ya mzee yule miaka mingi nikimwombea dua kila baada ya sala, lakini sijapata kumshukuru. Nipeni idhini nimpelekee mtungi mmoja. Si kwa kuuza. Ni ahsante tu, nisije nikaulizwa kesho mbele ya Mola nikakosa la kusema."

Wamesema wasimulizi kwamba Amiri aliinamisha kichwa, na alipokiinua macho yake yalikuwa na maji. Akauliza ni nani atakayeupeleka mtungi. Kila mmoja akamtazama mwenzake. Basi akasema, "Kutaiba, wewe ndiye unayeziogopa hila zao kuliko sisi sote. Nenda wewe, hakuna atakayewachunguza vizuri zaidi." Waziri akaupokea mtungi kwa uso wa mtu aliyepakatishwa mtoto wa jirani, akaondoka. Magogo yaliyoziba daraja yakavutwa kidogo, yeye na nyumbu wake wakapenya.

Bi Hunaida akarudi kilimani, akaziba milango ya mizinga kwa vitambaa vilivyolowa, kwa mkono wake mwenyewe. Ulikuwa msimu wa maua na jua lilikuwa kali, na milozi ya ng'ambo ilikuwa nyeupe tupu. Alikaa kati ya mizinga akiinyunyizia maji na kuiwekea kivuli kwa mikeka. Ndani nyuki walivuma kwa kishindo. Bi Umaima alimletea chakula na kumlaumu, kisha akaketi naye akaacha kumlaumu. Siku ya pili mzinga mmoja ulinyamaza. Bi Hunaida aliuwekea sikio, akajua kwamba wamekufa, akalia kwa sauti kama aliyefiwa. Lakini kitambaa hakukitoa katika mzinga wowote, kwa kuwa alikuwa ametoa neno lake.

Siku iliyofuata, jua likiwa bado halijapanda sana, Kutaiba alirudi, na mbele ya tandiko la nyumbu wake palikuwa na kikapu. Baraza likakusanyika haraka, na Bi Hunaida akaitwa. Waziri akaletewa kijiko cha asali kama ilivyo desturi. Alikitazama kwa muda, kisha akasema "Bismillahi" kwa sauti ambayo watu hawakuizoea kwake, akalamba.

"Ewe Amiri," akasema, "nilikaa ng'ambo siku mbili nikitafuta adui, nikakuta bakuli za maji.

"Ukingoni mwa bustani ile, mkabala na kilima chetu, zimepangwa bakuli pana zenye maji kidogo na changarawe. Nikadhani ni mitego. Nikamuuliza mwenye bustani, mzee anayeitwa Wathiki, akaniambia, 'Nyuki wa mwenzangu wa ng'ambo huja hapa na kiu, na maji ya mto yana kasi, huwazamisha. Changarawe ni za kusimamia wasizame.' Nikamuuliza kama hajui kwamba ni nyuki wa Barzuma. Akacheka. Akasema watu wake walimtaka awafukizie moshi hadi wafe, kwa kuwa ni nyuki wa adui, naye akakataa akisema mgeni aliyeletwa na Mola hamfukuzi. Akasema miti yake iliyo mbali na mto huzaa kidogo, na iliyo karibu huzaa hadi matawi yanainama, na kwamba kila lozi waliyokula wanawe imepita kwanza kwa nyuki hawa.

"Nilipompa mtungi na salamu za mama huyu, alikaa chini, ewe Amiri. Akaniambia, 'Namwombea dua mwenye mizinga hiyo kila baada ya sala, wala sijui kama ni mwanamume au mwanamke.'"

Hapo Bi Hunaida akajifunika uso kwa shela yake. Kutaiba akakiweka kikapu cha lozi mbele yake, akarudi kusimama mbele ya Amiri.

"Nilisema hapa kwamba hakuna tone la Nawamira lililopita kooni mwetu. Nilisema uongo nikiwa nimeulamba ukweli. Tumekula chao, nao wamekula chetu, na wawili kati yetu wamekuwa wakiombeana heri wakati sisi tunachoma mikokoteni. Rai yangu niliyoitoa naiondoa. Na nakuomba, ewe Amiri, kabla ya jambo lolote uniruhusu nikaizibue mizinga."

Amiri akaiondoa marufuku siku ile ile. Na kwa kuwa majirani ni majirani, Nawamira nao wakaondoa yao siku iliyofuata, wasije wakaonekana wabaya. Lakini watu walioshuhudia hawakuzoea kulisimulia tangazo. Walisimulia jinsi waziri alivyopanda kile kilima mbio, kanzu ameikunja, akapiga magoti mbele ya kila mzinga akikitoa kitambaa, akaumwa mikononi na usoni, naye anasema, "Nisameheni, nisameheni." Alipofika kwenye ule ulionyamaza, Bi Hunaida akamwambia, "Huo uache, mwanangu. Huo nimekusamehe mimi." Nyuki wakatoka, wakazunguka kidogo juu ya vichwa vyao, kisha wakaelekea ng'ambo, na kwa mara ya kwanza mama huyo akasimama wazi kilimani akakipungia mkono kile kilemba. Nacho kikasimama kati ya miti, na mkono ukainuliwa kumjibu.

Tangu hapo desturi ya baraza la Barzuma ikaongezewa jambo. Asemaye hulamba asali, kisha humtaja kwanza mtu anayepaswa kumshukuru, ndipo ataje anayemlalamikia. Wanasema wengi waliofika kwenye la pili walikuta limepungua. Kutaiba aliishi akawa mzee sana, na kila alipopewa kijiko alimtaja mtu yule yule, mwenye bakuli za maji.

Ndugu zangu, riziki hutufikia kwa njia tusizozijua, na nyingine hupita kwa wale tuliowanunia. Ukikaa kula leo, jiulize ni mikono ya nani imekipitia chakula chako kabla ya wako. Mwombee mwenye mikono hiyo, jina lake Mola analijua. Na ikiwa mlango wako na wake umezibwa, nenda ukauzibue mapema, kabla mzinga haujanyamaza.