Pimbi Alivyompaka Fisi Dawa ya Meno

"Kinywa!"
"Wazi!"
"Niingie?"
"Ingia na ngano!"

Samahanini, leo naongea polepole. Asubuhi nilikuwa kliniki nikipakwa floraidi, ile dawa ya kukinga meno yasioze. Mimi niliyezunguka kutoka Kigoma hadi Lamu, mtu mzima, nikamng'ata daktari kidole. Akapiga "Uwii!" Foleni nzima ikanicheka. Haya, tusonge.

Hapo kale Fisi alikuwa na meno. Meno, jamani! Akiuma mfupa, kwaa! Akiuma jiwe, kwaa! Siku moja akamkamata Pimbi, kinyama kidogo cha majabalini, akamtia kinywani. Pimbi akatazama huku, akatazama kule. Lahaula! Magego kama vilima, yamepangana mpaka gizani. Akasahau hata kuogopa.

"Mzee Fisi," akaita humo humo ndani, "meno haya ni maajabu. Ila gego hili lina doa jeupe."

"Ndiyo nini?"

"Linataka kuoza."

Ptuu! Fisi akamtema. Alimkumbuka babu yake kibogoyo, aliyekufa njaa huku akilamba mifupa.

"Nikinge, daktari. Kisha nikule."

"Sawa, mzee. Panua."

Pimbi akatoa kikopo chake cha floraidi. Akafuta mate kwa nyasi, fyu fyu. Jino hili, paka paka. Jino lile, paka paka.

"Tayari. Usitafune kigumu mpaka kesho."

Fisi akamkazia macho. "Wewe ni mgumu?"

"Mifupa mitupu, mzee."

"Basi nitakukalia, nikule kesho."

"Nikalie. Dawa hurudiwa baada ya miezi sita. Atakupaka nani?"

Fisi akanguruma, mmm, mmm, akamwachia.

Kesho yake Fisi akauma paja la kifaru. Kwaa! Akauma paja la tembo. Kwaa! Pimbi, juu ya jabali lake, akaitazama mikono yake midogo, akaitazama tena, asiamini.

Miezi sita ikapita, Fisi huyo.

"Nikule leo?"

"Leo nakupaka."

Miezi sita mingine, Fisi huyo.

"Nikule leo?"

"Leo nakupaka."

Hivyo hivyo mpaka wakazeeka, Fisi na meno yake yote, Pimbi na roho yake.

Ngano nimeitema, mate nimemeza. Funzo lake: usimtibu kamwe anayetaka kukula.

"Asingemtibu, angeliwa," akasema shemeji yangu Mwanakombo. "Sogea, tupakue."