Vuai Dalali na Makosa ya Mize

Paukwa.
Pakawa.
Pakawa nini?
Pakawa sindano.
Sindano ya nani?
Ya mwenye subira.
Na uzi wake?
Umo mkononi, haujakatika.

Basi sogeeni. Wa nyuma waje mbele, wa mbele wakae chini. Mwenye kazi mkononi asiiache, maana ngano hii haimkatazi mtu kushona.

Hapo kale, si kale ya wanyama kusema, kale ya juzijuzi, palikuwa na mji uitwao Pangajuu. Katika mji huo aliishi dalali mmoja, jina lake Vuai, na mkewe, Mize. Vuai alinadi mbuzi, alinadi nguo, alinadi hata milango ya nyumba zilizobomolewa. Kazi yake ilikuwa mdomo na macho. Mdomo wa kuita watu, macho ya kuona kasoro. Mletee mbuzi, atakwambia ukwato umepasuka. Mletee kanga, atakwambia pindo limekwenda upande. Mletee pilau, ataila yote, kisha atakwambia chumvi ilizidi.

Mnacheka. Kwenu hayupo mtu wa namna hiyo?

Mize alikuwa mtu wa mikono. Akishamaliza ya jikoni, hukaa ukumbini akasuka ukili, ule mshipi mrefu wa ukindu ambao ukiungwa na mwenzake huwa mkeka. Akichoka na ukili, hushona kofia, zile za vitobo vidogovidogo, moja hukaa mwezi mzima mkononi. Akishona huimba taratibu, na nyinyi mniitikie:

Sindano ingia. *Ingia.*
Sindano toka. *Toka.*
Mwenye kazi mkononi. *Hana safari.*

Vuai hakuwahi kuitazama kazi hiyo. Alitoka alfajiri, akarudi jioni, akala, akalala. Nyumba kwake ilikuwa pahala pa kuvulia viatu.

Mwaka huo ndui ikaingia. Ilianza mji wa pili, ikavuka mto, ikafika Pangajuu. Sheha, mkubwa wa mji, akapiga mbiu ya mgambo, nanyi mnajua, mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Akasema: "Watu wa Pangajuu, soko nimelifunga. Kila mtu akae kwake siku arobaini. Mwenye kisima uani amchotee asiye na kisima, ndoo aiweke mlangoni aondoke. Atakayetoka sitamfunga. Ndui itamfunga."

Watu wakaingia ndani. Mize alikuwa ameweka muhogo mkavu, choroko, na mizigo mitatu ya ukindu. Akakaa na kazi yake kama siku zote. Kwake yeye siku arobaini hazikuwa kifungo. Alisema moyoni, nitamaliza mkeka wa chumbani na kofia mbili.

Na Vuai je?

Siku ya kwanza alilala. Siku ya pili aliwahesabu kuku. Siku ya tatu alimwambia Mize kuwa jiko limekaa upande, sufuria ina mbonyeo, na yeye Mize anapumua kwa nguvu. Siku ya nne, baada ya adhuhuri, ukasikika mluzi nje. Fyuu, fyuu, fyuu.

Alikuwa Ngwali, muuza nyama, rafiki yake wa kucheza bao. Ngwali na wenzake wawili walikuwa wakikutana kwa siri nyuma ya ghala bovu, na walimtaka wa nne.

Vuai akainuka. "Natoka mara moja tu," akasema.

Mize akashtuka, lakini sauti hakuipandisha. Alimjua mumewe. Ukimwambia usiende, amekwisha kwenda. Akaangalia ukili uliokuwa mapajani, akauruka mwaa mmoja, ule ukanda mwembamba wa ukindu, makusudi, akasuka kidogo mbele.

"Nenda, bwana," akasema. "Lakini kabla hujaenda, niangalizie hapa. Huu ukili naona uko sawa."

Vuai akatupa jicho. "Uko sawa? Umeruka."

"Wapi?"

"Hapo."

"Mimi sioni."

"Hapo, mwanamke, hapo. Lete." Akakaa. Akaufumua ule ukili mpaka pale penye kosa. Kufumua ni rahisi. Kusuka tena, vidole vikawa kama magogo. Mwaa huu unapita juu, ule unapita chini, huu unakunjwa, ule unakatika. Akalowanisha, akaanza tena. Alipoinua kichwa, jua lilikuwa limeshuka na mluzi ulikwisha nyamaza zamani.

"Sasa uko sawa," akasema.

"Kweli," akasema Mize. "Sasa naona."

Sindano ingia. *Ingia.*
Sindano toka. *Toka.*
Mwenye kazi mkononi. *Hana safari.*

Kesho yake Vuai akauchukua ukili mwenyewe, bila kuitwa. Alisema anataka kuhakikisha haukuharibika. Akasuka pima moja, na kesho yake akasuka nyingine.

Siku ya kumi na moja, fyuu, fyuu, fyuu. Vuai akainuka. "Leo natoka. Mara moja tu."

Mize alikuwa ameanza kuunga mkeka kwa shazia, ile sindano nene ya mikeka. Ukili ulikuwa na mistari miwili, mwekundu na mweusi. Akauvuta upande mmoja, mistari ikaachana.

"Nenda, bwana," akasema. "Lakini niangalizie mistari hii kwanza. Naona imekutana vizuri."

Vuai akainama. "Imekutana? Huu mwekundu umekutana na nani? Mkeka huu nikiunadi watu watanipiga mawe. Nipe shazia."

Akakaa, akafumua, akaunga. Akaona kuwa ukiuvuta ukili sana mkeka unajikunja, ukiulegeza unafanya tumbo. Lazima mkono ujue wenyewe. Kufikia alasiri mkono wake ulianza kujua. Harufu ya ukindu ulioloa ikamjaa puani, kichwa kikatulia, na akagundua kuwa kwa saa nzima hakuwa amesema neno. Mize naye aligundua, akaogopa hata kukohoa.

Siku zikapita hivyo. Asubuhi ukili, mchana mkeka, jioni wanakaa ukumbini wakitazama walichofanya. Vuai alianza kuuliza maneno ambayo hakuwahi kuyauliza. Rangi nyekundu unapikaje? Nani alikufundisha? Kwa nini ukindu wa kiangazi ni mgumu? Mize akamjibu moja moja. Siku ya kumi na tisa alimkabidhi kofia, akamwonyesha kuvaa subana, kile kikopo cha kukinga kidole. Vuai alijichoma mara tatu, akatukana mara tatu, kisha akashona kitobo kimoja kizima, cha mviringo, safi. Akakishika juu kwenye mwanga. Nawaambieni, aliwahi kunadi ng'ombe saba kwa siku moja na hakufurahi hivyo.

Wazee walisema, kazi mbi si mchezo mwema.

Ikafika siku ya ishirini na moja. Asubuhi Mize alidhani mumewe yuko uani kisimani anaoga. Alijua Ngwali atakuja, kwa kuwa huja kila baada ya siku chache. Akaichukua ile kofia, akalitazama ua lililoshonwa jana, ua la petali sita, akaanza kulifumua petali moja kwa ncha ya sindano.

Vuai alikuwa amesimama nyuma yake, maji yanamtiririka.

"Mize. Hilo ua lilikuwa sawa."

Mize akaisimamisha sindano.

"Jana lilikuwa sawa, mimi nililiona. Unalifumua ili iweje?"

"Ili liwe baya."

"Na liwe baya kwa nini?"

"Ili ulione."

Vuai akakaa juu ya kinu. Akafikiri. "Na ule ukili wa siku ile?"

"Makusudi."

"Na mistari ya mkeka?"

"Makusudi. Mistari nilifundishwa na mama nikiwa na miaka saba."

"Basi umenichezea kama mtoto."

"Mtoto ningemfungia mlango," akasema Mize. "Wewe sikuweza. Bwana, kaka yangu ndui ilimchukua kwa siku sita. Mimi ndiye niliyemwosha. Niliogopa, nikafanya nilichojua. Sasa umeshanikamata na hila zimeniishia. Mlango haukufungwa."

Na hapo hapo, fyuu, fyuu, fyuu.

Nyinyi mngefanya nini? Dalali mzima, macho yake yanaogopwa na soko zima, na mkewe amemlisha makosa kama kuku anayelishwa mtama. Vuai aliona haya, kisha akaona hasira. Akavaa kanzu. Akaliondoa komeo. Akafungua mlango.

Ngwali alikuwa barabarani, hatua kumi. "Leo umekumbuka njia," akasema. "Njoo, kete zinakungoja."

Vuai akatazama nje. Jua lilikuwa zuri. Mguu mmoja ukavuka kizingiti. Kisha akageuka akatazama ndani. Mkeka ulikuwa nusu ukumbi, na pima kumi na mbili za ukili wake alizisuka yeye. Makosa yalikuwa ya Mize, sawa. Lakini ukili ulikuwa wake. Na mapajani mwa Mize ilikuwa kofia yenye ua la petali tano na nyuzi zinaning'inia.

Akaurudisha mguu.

"Ngwali, leo siji. Nina kazi."

"Kazi gani na soko limefungwa?"

"Nashona kofia."

Ngwali alicheka mpaka akashika ukuta. "Na kanga umevaa, Vuai?"

"Bado. Nikiivaa nitakuita ulitazame pindo. Ngwali, nakuomba, rudi kwako ukae ndani. Na hao wenzako waambie."

"Ndani nitafanya nini? Nihesabu boriti?"

"Nikupe ukindu."

"Kawape wanawake," akasema Ngwali, akaenda zake huku anapiga mluzi.

Vuai akafunga mlango, akarudisha komeo. Akakaa karibu na mkewe. "Lete hiyo kofia," akasema, "na usiniharibie tena. Nikitaka makosa, ninayo yangu ya kutosha."

Mize akaitoa. Machozi yalikuwa yanamtoka, akayafuta kwa mkono wenye sindano.

Sindano ingia. *Ingia.*
Sindano toka. *Toka.*
Mwenye kazi mkononi. *Hana safari.*

Mluzi ulisikika tena mara moja, siku ya ishirini na nne. Baada ya hapo haukusikika.

Siku ya arobaini Sheha akapiga mbiu, watu wakatoka. Walitoka wakihesabiana. Waliokuwa wakicheza bao nyuma ya ghala walikuwa watatu. Wawili walikwisha zikwa, kila mmoja kwa watu wanne tu, bila matanga. Ngwali alipona, lakini ndui iliondoka na macho yake. Alikuwa anakaa kwa dada yake, kwenye chumba cha uani, na buchari lake limefungwa. Dada yake alisema hali chakula, hasemi, anageukia ukuta.

Vuai akasimama sokoni akasikia habari hizo. Hakunadi kitu siku hiyo. Akarudi nyumbani, akamwambia Mize, kisha akachukua mafungu mawili ya miyaa, jekundu na jeusi, akenda kwa dada yake Ngwali.

Ngwali alimjua kwa hatua. "Umekuja kuniambia uliniambia," akasema, uso ukutani.

"Sikuja na maneno," akasema Vuai. "Nimekuja na ukindu."

"Kipofu na ukindu wapi na wapi?"

"Mimi nilikuwa na macho mawili na nilianza vibaya. Geuka."

Ngwali hakugeuka. Vuai akakaa chini, akaanza kusuka. Ukindu ukasema, kwaru, kwaru. Akasuka shibiri moja. Akasuka ya pili. Akasuka ya tatu. Kwa kawaida Vuai angeanza kukisema kitanda, kukisema chumba, kuusema mkeka anaoulalia mgonjwa. Siku hiyo hakusema lolote.

Mwisho Ngwali akatoa mkono. Akaupapasa ukili kutoka mwanzo mpaka ncha, akaupapasa tena.

"Unapita juu, kisha chini ya miwili," akasema.

"Ndiyo."

"Nipe."

Vuai akampa. Vidole vya muuza nyama, vinene, vilivyozoea kisu. Akasuka, ukaachana. Akasuka, ukaachana. Mara ya tatu ukashika. Akaacha kusuka, akashika mafungu yote mawili.

"Rangi zipi?"

"La mkono wa kulia jekundu. La kushoto jeusi."

Ngwali akaliweka jekundu chini ya paja la kulia, jeusi chini ya paja la kushoto, ili asipotee. Akainamisha kichwa, akafanya kazi.

Jioni dada yake aliingia na uji. Ngwali akanywa bakuli zima, akauliza kama umebaki mwingine.

Ngano yangu nimeifunga fundo, na uzi nimeukata kwa meno. Ikikuenea, ivae. Isipokuenea, fumua ushone ya kwako. Kitambaa ni chetu sote.