Chumba cha Nyuma

Ndugu zangu, leo nina mfano wa mama mmoja aliyefikisha miaka themanini. Mabinti zake wawili wakasema, mama yetu ametulea kwa jembe, hajawahi kulala mahali pazuri hata siku moja. Wakakodi nyumba ya likizo kando ya ziwa kwa siku tano, wakaenda familia nzima: mama, mabinti wawili, waume zao, na wajukuu tisa. Walibeba keki, walibeba mchele, walibeba mpaka jiko la kuchomea nyama. Mpaka hapo ni nani angewalaumu?

Wakafika mchana. Nyumba ilikuwa na vyumba vinne vizuri, vyote chini ya paa moja. Ng'ambo ya ua kulikuwa na kijumba cha chumba kimoja, kilichojengwa kwa ajili ya mtunza bustani. Dirisha lake lilikuwa la mbao, kitanda kilikuwa chembamba, na choo kilikuwa mbali, huko karibu na uzio wa nyuma. Wajukuu wakagawiwa vyumba viwili, wavulana chao na wasichana chao. Vikabaki viwili. Binti mkubwa na mumewe wakaingia kile chenye bafu ndani na dirisha la kutazama ziwa. Binti mdogo na mumewe wakachukua cha pili.

Na mama? Ninyi mnaijua mila yetu, lakini kama kuna mgeni hapa nimweleze. Kwetu, mama halali chini ya paa moja na mume wa binti yake. Ni heshima. Hata mkono hawapeani. Siisemi vibaya mila hiyo, maana hata mimi nina mama mkwe, na nikimwona sokoni nabadili njia mapema.

Basi binti mkubwa akamshika mama mkono, kwa upole kabisa.

"Mama, waume zetu wamo humu ndani. Wewe tumekutandikia kule ng'ambo, mila isije ikavunjika."

Mama akakitazama kile kijumba. Magoti yake ni mabovu, na usiku huamka mara tatu kwenda chooni. Akasema, "Mila naijua, mwanangu. Mimi ndiye niliyewafundisha. Nipe fimbo yangu."

Hakuna aliyemtukana, wapendwa. Hakuna aliyempandishia sauti. Walimtoa nje kwa adabu, wakambebea na mfuko wake.

Sasa yule mume wa binti mdogo hakuzaliwa kwetu. Ni mtu wa mbali, mambo yetu mengine bado anajifunza. Alikuwa amesimama pale barazani na mizigo yake, akamwita pembeni shemeji yake, yule mume wa binti mkubwa.

"Shemeji, samahani, mimi ni mgeni wa mambo haya. Mila inasema mkwe na mama mkwe wasilale chini ya paa moja. Hapo nimeelewa. Je, inasema pia ni nani atakayetoka?"

 Miaka yote hiyo shemeji ameishika mila, na swali hilo hajawahi kulisikia. Ninyi je, mmewahi kulisikia?

Yule kijana akasema, "Nyumba hii imekodiwa kwa ajili ya mama. Mimi na mke wangu tutatafuta gesti kule senta." Akainua begi lake, mkewe akamfuata. Alipopita karibu na kile kijumba aligeuza uso pembeni, kama mkwe anavyotakiwa kufanya, akaenda zake.

Kikabaki chumba kizima kitupu, kitanda kimetandikwa, neti imeshushwa. Mnadhani yule mkwe mkubwa alifanya nini? Naona wengine mnatabasamu. Mnadhani aliona haya, naye akabeba begi lake. Huyu, sikuwaambia, alikuwa mzee wa kanisa. Alikuwa ameshavua viatu.

Akasema, "Kijana yule ana moyo mzuri, Mungu ambariki." Kisha akamgeukia mkewe. "Lakini mimi bado nimo humu, kwa hivyo mama hawezi kuingia. Katika kile chumba chao tuweke masanduku."

Wakaweka masanduku. Siku tano, jamani. Masanduku yalilala ndani ya neti, na mama mwenye sherehe alilala ng'ambo ya ua.

Mimi niliyeutunga mfano huu, nilipofika hapo niliweka kalamu chini. Nilishtuka. Sikushtushwa na yule mzee, maana mtu huyo hayupo. Nilishtuka kwa sababu maneno yake sikuyatafuta. Yalikuja yenyewe, mepesi, tena kwa sauti yangu mimi.

Sisi tunazijua sheria zote zinazomtoa mwingine nje. Mjane tunamjua na mila yake, binti aliyezalia nyumbani tunamjua na kanuni yake, na tukiulizwa tunajibu kwa upole, hatukusema sisi, ni utaratibu. Lakini hebu kila mtu ajiulize hapo alipokaa: ni lini utaratibu ulikutoa wewe? Ni lini uliishika sheria nawe ndiye uliyebeba begi?

Ngoja niwaambie jambo ambalo si mfano. Wiki tatu zilizopita mama mmoja alikuja hapa na mtoto mchanga anayelia. Nikiwa hapa juu, nilimwashiria mhudumu kwa mkono, akamtoa nje, ili ibada iwe na utulivu.  Jumapili iliyofuata alikuja, akakaa nje mwenyewe, hakusubiri kuambiwa. Leo nilipokuwa naingia nimemwona pale kwenye ngazi, amemfunika mtoto kwa leso kwa sababu ya hili jua, anatusikiliza kupitia dirishani. Anayasikia hata haya ninayosema sasa.

Msiinuke. Mhudumu, wewe pia kaa. Aliyemtoa ni mimi, na kiti changu hiki hapa mbele kina mto. Nakwenda kumwita akikalie, na mtoto akilia, tutahubiri hivyo hivyo.